Ukiitwa Jina Nyikani, Kunywa Maji Kwanza

Nilikuwa na miaka kumi na saba mama aliponiita usiku, ilhali mama alikuwa mjini Isiolo na mimi nilikuwa ng'ambo ya Kulamawe, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Shule zilikuwa zimefungwa na mjomba alikuwa amenikabidhi ngamia niwachunge. Adhuhuri ya siku ile ngamia jike mmoja mwenye mimba alitoweka. Nikafuata nyayo zake peke yangu, nikiwa na fimbo, tochi yenye betri kuukuu na kibuyu cha maji kilichoisha kabla jua halijatua. Usiku uliotangulia sikulala hata lepe, kwa sababu fisi walikuwa wamelizingira boma.

Ilikuwa yapata saa tisa za usiku. Sauti ilitoka kushoto kwangu, karibu tu, wala haikutisha. Ilikuwa ya mama hasa, ile anayoitumia chai ikiwa tayari. Iliniita jina langu la nyumbani ambalo shuleni hawalijui. Nikaitika. Ikaniita tena. Nikaziacha nyayo, nikaifuata, nikatembea kitambo nisichoweza kukipima hadi nikasikia kokoto zikiporomoka mbele ya vidole vyangu. Zilichukua muda kabla ya kugonga chini. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa laga, mto mkavu ambao kingo zake zimekatika wima kama ukuta. Nikaketi palepale, nikaikumbatia fimbo hadi alfajiri.

Mjomba alinikuta jua likichomoza. Nilimweleza yote, nikingoja ama anicheke ama anisomee dua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Mjomba, mara ya mwisho umekunywa maji lini?" Kisha akauliza nimelala lini. Kisha nimekula nini. Nilipokwisha kunywa maziwa na kulala chini ya mgunga hadi alasiri, ndipo akaketi kando yangu akasoma dua. Ngamia tulimpata siku hiyohiyo. Alikuwa upande wa kulia.

Nimeikumbuka mara nyingi taratibu ile ya mjomba: maji, usingizi, chakula, halafu dua. Nataka nikugawie leo, wewe unayelazimika kukesha peke yako mahali pasipo na mtu. Nazungumza na mchungaji wa Merti, Garbatulla na Oldonyiro. Nazungumza na dereva wa lori anayetoka Moyale na mifugo usiku, na soja anayelinda bohari tupu pembeni mwa mji. Nazungumza pia na mvuvi wa Lamu au Kipini anayetweka tanga peke yake, kwa maana nyika na bahari ni ndugu katika jambo hili. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipoambulia patupu mfululizo, vijana wengi wa kaskazini walisukumwa mbali na wenzao kufuata malisho. Waliporudi, baadhi yao walikuwa na visa ambavyo walivitaja kwa sauti ya chini tu.

Miaka mingi baada ya usiku wangu wa laga, nilikaa barazani Lamu na mvuvi mmoja mzee. Aliniambia kwamba aliwahi kupitiwa na usiku wa pili akiwa peke yake katika dau dogo nje ya Kiwayu. Akaona taa za mji. Akasikia watu wakivuta kamba kwa wimbo, kama wanavyofanya wakipandisha chombo pwani.

"Ukafanya nini, mzee?" nikamwuliza.

"Nilitazama dira, mwanangu. Taa zilikuwa mashariki. Na mashariki yangu yalikuwa maji matupu."

Hakugeuza usukani. Lakini pia hakulala, alisema, kwa sababu taa zile zingeweza kuwa za meli, na meli haimwoni mwenye dau. Hapo ndipo nilipopata maneno ya kulieleza jambo ambalo mjomba alilijua bila kulisema: kitu kikikutokea ukiwa peke yako, kipishe, usikifuate. Ukiona mtu barabarani, punguza mwendo, hata kama unahisi ni kivuli. Ukiona taa baharini, ihesabu kuwa ni meli hadi ujue vingine. Lakini usiache njia yako, nyayo zako wala dira yako kwa ajili ya kitu ambacho hujakihakikisha.

Anza na mwili wako

Sisemi majini hayapo. Wengi wetu dini zetu zinatufundisha kwamba viumbe tusivyoviona vipo. Nasema hivi: kama ni jini, kunywa maji hakutamwongezea nguvu. Na kama ni kiu, dua peke yake haitaikata. Kwa hiyo anza na lile lililo mkononi mwako.

Mkosaji wa kwanza ni usingizi. Mtu aliyekesha saa 24 huwa na akili nzito kama ya mlevi, na akivuka siku ya pili bila kulala, maluweluwe si ajabu tena. Ubongo unaonyimwa usingizi huuiba. Hujifunga kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, na katika upenyo huo ndoto huingia na kujichanganya na yale unayoyaona. Ndiyo maana sauti ya kuitwa jina hutokea sana mtu akiwa kwenye mpaka wa kulala na kuamka. Wengi husikia hivyo hata kitandani kwao. Jinamizi nalo ni la ukoo huohuo: akili imeamka lakini mwili bado umefungwa, na unahisi kuna kitu kimekukalia kifuani. Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku, mwili unapopoa na kudai kulala.

Dereva, fanya hesabu hii. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata karibu mita 90 katika sekunde 4. Huo si mbali na urefu wa uwanja mzima wa mpira, nawe umeuvuka ukiota. Ukimwona mzee mwenye kanzu nyeupe amesimama katikati ya lami na mara hayupo, jambo la kujiuliza si alikuwa nani. Jiulize umelala lini.

Mkosaji wa pili ni kiu na joto. Anayetembea juani kutwa katika nchi yetu huhitaji lita 5 za maji au zaidi, na wengi hubeba moja. Mwili ukikauka, kichwa huuma, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, halafu mawazo huanza kupotoka. Aliyezidiwa na joto huongea ovyo na huweza hata kuvua nguo. Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa kivulini, amwagiwe maji na apepewe wakati msaada unatafutwa. Baharini kuna mtego mwingine. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo haziwezi kuitoa chumvi hiyo bila kutumia maji mengi kuliko yale uliyokunywa. Anayeyanywa huzidi kukauka, na huanza kuona visima na watu.

Mkosaji wa tatu wengi hawapendi kumtaja, naye ni miraa. Sisi watu wa Isiolo tuko mlangoni mwa Meru. Mzigo hutufikia ukiwa bado na umande. Miraa huondoa usingizi machoni, lakini haiondoi deni la usingizi mwilini. Anayetafuna usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu huanza kusikia minong'ono na kuhisi anafuatwa, na nguvu ya miraa ikishuka hulala ghafla palepale alipo. Kama kazi yako inakulazimu kutafuna kila usiku ili ukeshe, basi kazi hiyo inahitaji mtu wa pili.

Wa nne ni homa. Malaria kali huweza kumfanya mtu azungumze na waliokufa. Ukiwa na baridi, maungo yanakuuma na unaona visivyokuwepo, mahali pako ni zahanati.

Kisha chunguza mahali ulipo

Si kila sauti imetoka kichwani mwako. Nyika yenyewe ina hila, na ukizijua hutaogopa bure.

Usiku tulivu, ardhi hupoa upesi, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ile ya juu yake. Hapo sauti ambayo mchana ingepaa na kupotea hupindishwa na kurudi chini, ikasafiri mbali. Kengele ya mti shingoni mwa ngamia aliye mbali husikika kana kwamba yuko nyuma ya kichaka. Maongezi ya wanawake wa manyatta usiyoweza hata kuiona hukufikia nusunusu, sauti bila maneno. Juu ya maji mambo ni yaleyale, na huenda wale wavuta kamba wa mzee wa Lamu walikuwa watu kweli kwenye pwani ya mbali, upande mwingine kabisa.

Ukipanda kuelekea Laikipia, kwenye udongo mweusi, kuna mgunga wenye vinundu vilivyovimba. Chungu huvitoboa na kukaa ndani. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi. Msitu mzima wa migunga hiyo ukipigwa na upepo wa usiku, hata shujaa husimama kusikiliza.

Mchana, barabara ya lami kutoka Archers Post kwenda Mto Merille hujaa maji yasiyolowesha. Hayo ni mazigazi. Hewa inayoungua juu ya lami hupinda mwanga wa mbingu, ukaiona mbingu chini ukadhani ni bwawa. Baharini, hewa baridi ikilala chini ya hewa ya moto, huwa kinyume: jahazi huonekana linaelea angani. Na zile nguzo za vumbi zinazozunguka uwandani wakati wa kiangazi, ambazo watu wa pwani huziita kinyamkela na kuzihusisha na pepo, huinuliwa na joto la ardhi. Zipishe vilevile, kwa sababu vumbi la macho halijali umelipa jina gani.

Tatu kati ya mbinu za kuchunguza sitoki nyumbani bila kuzikumbuka.

Ya kwanza ni ya mwanga. Ukikodolea macho nukta moja ya mwanga katika giza tupu, itaanza kucheza na kutembea, hata kama ni nyota au taa ya mlingoti wa simu. Macho yasiyo na kitu cha kulinganisha ndiyo yanayotembea. Simika fimbo yako wima, au utumie mlingoti wa chombo uliotulia, kisha pima mwanga dhidi yake. Kama haujaondoka kwenye fimbo, haujaondoka popote. Na ukitaka kuona kitu hafifu gizani, kitazame pembeni kidogo badala ya kukikazia macho, kwani katikati ya jicho ni kipofu wa usiku. Usiwashe tochi ovyo pia; ukiiwasha mara moja, macho yatataka nusu saa kuzoea giza upya.

Ya pili ni ya sauti. Geuza kichwa kulia, kisha kushoto. Sauti ya nje hubadilika, sikio moja likaisikia zaidi ya jingine. Ile inayobaki katikati ya kichwa hata ugeuke vipi, inatoka kwako mwenyewe.

Ya tatu wavuvi hawana, na wananionea wivu: tazama wanyama. Ngamia akiendelea kucheua macho yamelegea, hakuna aliyekuja. Akisimamisha masikio na kuacha kutafuna, acha maswali na ujiandae, maana hapo kuna fisi, simba au mtu. Usisahau kwamba hii ni nchi ya hifadhi za wanyama za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Tembo hukatiza lami usiku bila kishindo, na rangi yake ni ya giza lenyewe. Dereva aliyejiambia "hicho ni kivuli tu" huenda asipate nafasi ya kujisahihisha.

Mwenzako asiyeonekana

Kuna kisa cha aina nyingine ambacho waliokipitia hukieleza kwa upole badala ya hofu: kuhisi kwamba hauko peke yako, kwamba kuna mtu kando yako, mara nyingi nyuma ya bega, naye anakutakia mema.

Joshua Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, aliondoka Boston mwaka 1895 katika chombo chake Spray akarudi Marekani mwaka 1898. Mwanzoni mwa safari, alipoviacha visiwa vya Azores, alikula jibini nyeupe na plamu zikamvuruga tumbo, akaanguka sakafuni akiungua na homa huku dhoruba ikivuma. Alipoinua macho alimwona mtu ameshika usukani. Mtu huyo alijitambulisha kuwa ni rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus, na akamkaripia kwa kuchanganya vyakula vile. Slocum alipopata nafuu, alikuta Spray ingali kwenye njia yake.

Mwaka 1916 mvumbuzi Ernest Shackleton na wenzake wawili walivuka milima ya barafu ya kisiwa cha South Georgia kwa muda wa saa 36 kutafuta msaada. Baadaye walikiri kwamba walihisi wako wanne. Mwaka 1927 rubani Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu, baada ya kukosa usingizi usiku wa kabla ya kuondoka. Aliandika kwamba ndani ya ndege walijaa watu kama ukungu, wakizungumza naye kwa upole kuhusu safari.

Wataalamu wa ubongo nchini Uswisi waliripoti mwaka 2006 kwamba walipousisimua kwa umeme upande wa kushoto wa ubongo wa mgonjwa mmoja, nyuma kidogo ya sikio, alihisi kuna mtu nyuma yake. Alipoketi, mtu huyo aliketi. Sehemu hiyo ndiyo inayotuambia mwili wetu uko wapi. Ikichoka au ikivurugika, inaonekana hutuhesabu mara mbili, na sisi tukahisi wa pili ni mgeni.

Akikujia mwenzako wa namna hiyo, usimfukuze kwa hofu. Akikutia moyo, pokea. Wapo waliofika nyumbani kwa sababu ya moyo huo. Lakini usimwachie usukani. Watu husimulia kisa cha Slocum na kusahau kwamba Spray ilisifika kwa kushika njia yenyewe usukani ukifungwa. Mwenye chombo alikuwa ameshakitayarisha chombo kabla ya kuugua. Ngamia naye anaijua njia ya kisimani hata ukisinzia mgongoni mwake. Lori halijui. Dereva anayehisi ana abiria asiyempakia asimame mara moja.

Kabla hujaondoka

Maandalizi ni nusu ya ushujaa, na hayagharimu sana.

Lala kabla ya mkesha. Saa moja na nusu ya usingizi alasiri itakufaa kuliko vikombe vitano vya kahawa usiku wa manane. Beba maji mara mbili ya unavyodhani utahitaji, na uyagawe katika vyombo viwili, maana jerikeni moja ikitoboka umebaki na hadithi. Weka pakiti mbili za chumvi za kurejesha maji mwilini mfukoni. Ukizikosa, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitatosha.

Mwambie mtu mmoja unakwenda wapi, unapitia wapi na utarudi lini, na mkubaliane ni saa ngapi aanze kukutafuta. Mchungaji amwambie mkubwa wa boma. Mvuvi aliambie kundi la usimamizi wa ufuo wake. Palipo na mtandao, 999 na 112 ni namba za dharura kote nchini.

Mwisho, jiwekee sheria ukiwa bado na akili timamu, na uziseme kwa sauti. Zangu ni tatu: siachi nyayo usiku, siitiki mara ya kwanza, nikiona kitu mara mbili, nasimama. Bibi yangu alikuwa akituonya tusiitike tukiitwa usiku hadi mara ya tatu, nasi tulidhani ni hadithi ya kutisha watoto. Siku hizi naona alikuwa akitununulia muda wa kufikiri.

Kikikutokea

Simama. Keti chini kama uko kwa miguu, egesha mbali na lami kama unaendesha, legeza tanga kama uko chomboni na ujifunge kamba kiunoni, kwa sababu mabaharia waliojitupa majini kumfuata aliyewaita hawakurudi kusimulia.

Kunywa maji. Kula kitu, hata tende mbili. Pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta.

Kisha ongea kwa sauti yako mwenyewe. Taja jina lako, mahali ulipo, siku ya leo na unakokwenda. Ukiwa Mwislamu, soma Ayatul Kursi. Mkristo, soma zaburi unayoipenda. Ukiwa wa imani ya jadi, mwombe Mungu, Waaq au Nkai, kwa maneno uliyofundishwa na wazee. Kisomo unachokijua kwa moyo hushusha pumzi, na hukuonyesha hali yako pia: ukiona aya uliyoijua tangu utotoni inakatika njiani, jua kwamba umechoka kuliko unavyokubali.

Halafu fanya uchunguzi wa fimbo, kichwa na ngamia. Ukishatosheka kwamba hakuna hatari, lala. Wanaosafiri baharini peke yao karibu na njia za meli hulala kwa vipande vya dakika 20 hivi, kwa hesabu kwamba meli inayochomoza kwenye upeo inaweza kuwafikia katika muda huo, kisha huamka na kutazama pande zote. Dereva anaweza kuazima mbinu hiyo: kunywa kikombe cha kahawa tungu, funga milango, lala dakika 20. Kahawa itaanza kazi wakati unaamka. Lakini hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala hasa, Archers Post au mjini. Usiitumie kuumaliza usiku.

Na usione haya kurudi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Ukirudi nyumbani

Simulia. Mwambie mtu anayejua kusikiliza, na ukisimuliwa wewe, usicheke. Kijana akichekwa mara moja hatasema tena, na usiku mwingine ataifuata sauti akiwa kimya. Mwulize alivyoulizwa mpwa na mjomba wake: maji, usingizi, chakula.

Lakini kuna mpaka. Maluweluwe ya uchovu huisha mtu akilala na kunywa. Yakiendelea baada ya siku mbili za kupumzika, yakikujia mjini mchana ukiwa umeshiba, sauti ikianza kukuamuru ujidhuru au umdhuru mwingine, ukianguka kwa kifafa, ukiwa na homa, au ukiwa umekesha kwa miraa wiki nzima, hayo yamevuka mambo ya nyika. Nenda hospitali ya rufaa pale Isiolo, au zahanati iliyo karibu ikuelekeze. Familia zisimfunge mgonjwa kamba wala kumpiga ili pepo atoke. Mwenye dua na asome, na mwenye gari ampeleke; kazi hizo mbili hazigombani.

Wewe unayeondoka leo jioni, jaza vibuyu viwili, lala kidogo kabla jua halijatua, mwambie mtu utarudi lini. Na ukisikia jina lako gizani, keti, kunywa maji, ushike fimbo yako. Aliyekuita, kama ni mtu kweli, atakuja ulipo.